Kila Tukifungwa Lazima Kuna "Aliyeuza"?

Nimepotea kidogo. Kazi za gazeti zilinibana, halafu nikaomba siku chache nije nyumbani Isongole kuwaona wazazi. Nilidhani nimekuja kupumzika. Badala yake nimekuja kukasirika, na leo mnivumilie nitoe la moyoni.

Jumapili kulikuwa na mechi. Si Simba na Yanga, hapana. Ni vijana wa mtaa wetu na vijana wa mtaa wa pili, mechi ambayo ukiifungwa hupiti njia kuu wiki nzima. Tumefungwa 2-1. Magoli yote mawili yalipita upande wa kushoto, kwa namba tatu wetu, kijana wa bodaboda ambaye nimemfahamu tangu anacheza chandimu. Jua halijazama, kijiwe kizima kilishatoa hukumu: ameuza mechi. Mmoja akasema kapewa elfu ishirini. Aliyefuata akasema hamsini. Mpaka tunaagana ilikuwa imefika laki, na ana shemeji kule kwa wapinzani, kwa hiyo ushahidi umekamilika!

Mimi nilikuwepo. Sikusema neno. Nilicheka.

Jumatatu asubuhi yule kijana hakuonekana kijiweni. Jumanne alikuja, akakaa na pikipiki yake, na abiria wawili nikiwaona kwa macho yangu wakamruka wakapanda ya nyuma yake. Mama yake, anayeuza nyanya sokoni, aliambiwa mbele ya watu kwamba "mwanao katuuza". Jioni nikamfuata nyumbani. Aliniambia hivi: "Kaka, kocha aliniambia nipande, namba sita anifunike. Namba sita aliumia mguu dakika ya ishirini na hatukuwa na wa kumbadilisha. Sasa mimi nifanyeje? Ningebaki nyuma wangesema mzembe, nimepanda wanasema nimeuza." Kisha akasema mpira basi tena.

Ana miaka 21. Ndiye namba tatu pekee wa maana tuliyenaye.

Ndugu zangu, tuseme ukweli. Tabia hii haikuzaliwa hapa mpakani. Tumeiona kwenye kibanda umiza, tukaileta uwanjani kwetu. Kutoka hapa hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 900, lakini siku ya dabi ya Kariakoo Isongole nzima inakuwa Temeke. Mpira ukiisha hatujadili mpira. Tunatafuta mtu wa kumchinja.

Chukueni Novemba 5, 2023, Simba 1, Yanga 5. Mnyama najua inauma, lakini twende taratibu. Kennedy Musonda alifunga mapema kabisa, Kibu Denis akasawazisha, timu zikaenda mapumziko 1-1. Kipindi cha pili Yanga wakaweka manne: Maxi Nzengeli mawili, Aziz Ki moja, Pacome moja la penalti. Lawama zikaenda wapi? Kwa Aishi Manula, kipa aliyekuwa ametoka kwenye majeraha ya muda mrefu. Sikatai, siku ile hakuwa Manula tunayemjua. Lakini nijibuni: kipa ndiye aliyepoteza mpira katikati ya uwanja? Kipa ndiye aliyewaacha mabeki wa pembeni wakapanda bila mtu wa kuziba? Timu inayofungwa manne ndani ya dakika 45 haina tatizo la kipa. Ina tatizo la kiungo, ina tatizo la miguu iliyochoka, ina tatizo la mpango. Uongozi wa Simba nao ukatafuta wa kwake: siku mbili baadaye kocha Robertinho akaonyeshwa mlango. Na Manula tangu hapo hakurudi tena kuwa kipa namba moja asiyeguswa.

Na kumbukeni, miezi mitatu tu kabla ya hapo, Agosti 13, 2023, pale Mkwakwani Tanga, Simba hiyo hiyo ilibeba Ngao ya Jamii mbele ya Yanga hiyo hiyo kwa mikwaju ya penalti, na kijana Ally Salim akapangua tatu. Siku ile kipa alikuwa malaika. Kwa hiyo kwa mashabiki wetu kipa ana vyeo viwili tu, malaika au msaliti. Binadamu hayumo.

Oktoba 19, 2024 ikawa zamu ya Kelvin Kijili. Dakika za mwisho, mpira ukamgusa, ukaingia wavuni, Yanga wakashinda 1-0. Beki anayerudi golini kwa kasi, watu wamejazana kwenye boksi, mpira unambabatiza. Hiyo inaitwa bahati mbaya, imewahi kuwapata mabeki wakubwa duniani na itawapata tena. Lakini nilikokuwa nikiangalia mechi hiyo, kabla hata mwamuzi hajapuliza filimbi ya mwisho, mtu alishasema "huyo keshapewa chake". Nilimtazama. Mkononi alikuwa na simu, na kwenye simu alikuwa na mkeka uliochanika.

Hapo ndipo penye kidonda, wadau. Siku hizi shabiki akipoteza hajafungwa timu tu, amepoteza na hela ya mboga. Hawezi kujiambia "nilibashiri vibaya". Ni rahisi zaidi kusema kuna aliyeuza. Mchezaji anageuzwa mdeni wake.

Najua kuna atakayeniambia: mwandishi, acha ushamba, mechi zinauzwa kweli. Nakubali, zinauzwa. Mwaka 2016 kwenye Ligi Daraja la Kwanza, Geita Gold na Polisi Tabora zilikuwa zinawania nafasi moja ya kupanda. Siku ya mwisho mmoja akashinda 8-0 dhidi ya JKT Kanembwa, mwingine 7-0 dhidi ya JKT Oljoro. TFF wakachunguza, timu zote 4 zikashushwa, na Mbao FC ya Mwanza ikapanda Ligi Kuu. Angalieni jinsi jambo hilo lilivyokwenda. Kulikuwa na matokeo yasiyoelezeka, kukawa na uchunguzi, watu wakaitwa wakajieleza, ndipo adhabu ikaja. Hakuna aliyehukumiwa kwa sababu ana shemeji upande wa pili! Na kama wewe una ushahidi, Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 ipo, TAKUKURU wapo. Nenda. Kama huna, unachofanya kijiweni ni kumchafua mtoto wa mtu.

Tena hesabu zenyewe hazikubali. Oktoba 20, 2013 Yanga walikwenda mapumziko wakiongoza 3-0 mbele ya Simba. Mpira ukaisha 3-3. Kwa kanuni yenu ya kijiweni, kipindi cha kwanza mabeki wa Simba walikula hela, kipindi cha pili wakala mabeki wa Yanga. Huyo mnunuzi ni nani anayenunua pande zote mbili ili apate sare?

Ugonjwa wenyewe ni kwamba hatujui nafasi. Tunajua majina, hatujui kazi. Zamani jezi ilikusaidia: mbili na tatu mabeki wa pembeni, nne na tano wa kati, sita anakaba, tisa anafunga. Siku hizi mtu anavaa namba yoyote aipendayo, na shabiki amebaki na kipimo kimoja tu, amefunga au hajafunga. Ndiyo maana Kibu Denis alizomewa miaka na miaka, na bado kila kocha aliyepita Msimbazi akawa anampanga. Makocha wote wale ni vipofu? Au wao wanaona zile mbio za kurudi kukaba ambazo sisi tukiziona tunainamia simu? Khalid Aucho alipokuwa Yanga hakuwa mfungaji, lakini Mwananchi yeyote anayeujua mpira alijua siku asipokuwepo pale kati pana shimo.

Chuoni nilikaa bweni moja na Mkenya mmoja, mgonjwa wa raga. Dabi yake ilikuwa Kenya Harlequin na Impala, majirani wa barabara ya Ngong, Nairobi. Mwanzoni nilimcheka, nikaona ni mieleka yenye mpira wa yai. Lakini kuna kitu kilinishangaza. Kwenye raga namba bado ni kazi. Wachezaji 15, moja hadi nane ndio wasukumaji wa mbele, tisa hadi 15 ni wa nyuma. Yeye na wenzake walibishana mpaka usiku kama namba tisa alichelewa kutoa pasi, kama namba moja alizidiwa kusukuma. Hakuna aliyemuuliza namba moja kwa nini hajafunga! Walitukanana, ndiyo, lakini kuhusu kazi ya mtu, si kuhusu mfuko wake.

Sasa nami nijipige kifua, maana nisipofanya hivyo nitakuwa mnafiki. Sisi waandishi tumelea hili. Mara ngapi nimeandika "uzembe wa beki uliigharimu timu" kuhusu goli ambalo sikuliona, nimesimuliwa kwa simu na mhariri anadai habari saa kumi na mbili? Sentensi ile kwangu ilikuwa ya kujaza nafasi. Kwa beki ilikuwa jina lake, gazetini, mbele ya baba mkwe.

Kwa hiyo naomba jambo dogo. Kabla hujasema neno "ameuza", jiulize matatu. Alipangwa wapi na aliambiwa afanye nini? Nani alipaswa kumfunika akipanda? Na mpira ulipotea wapi kabla haujafika kwake? Goli huanza mita 60 kutoka golini, sisi tunaanza kuangalia mita sita. Ukishajibu hayo, mkosoe unavyotaka. Sema amecheza ovyo, sema akae benchi, hiyo ni haki yako na kiingilio umelipa.

Kesho asubuhi kabla sijapanda gari la Mpemba kurudi kazini, nitakwenda kijiweni na kuyasema haya haya kwa sauti, palepale nilipocheka. Halafu nitapanda pikipiki ya namba tatu wetu, hata kama wa mbele yake wamejipanga kumi. Jumapili ijayo kuna mechi ya marudiano na sijui kama atakubali kuvaa jezi. Asipokubali, tukifungwa tena upande wa kushoto, msimtafute aliyeuza. Tutakuwa tumeiuza sisi.

Nawasilisha.