Programu za Biashara: Kumlipa Mtengenezaji Moja kwa Moja au Kupitia Duka la Mtandaoni?

Mfanyabiashara mdogo wa Ukonga, kuanzia Banana hadi Gongo la Mboto, anayehitaji programu ya kutunza hesabu za duka ana njia mbili za kuinunua: kuilipia kupitia duka la programu mtandaoni, kama vile Google Play au App Store, au kumlipa mtengenezaji moja kwa moja kwa simu. Tofauti ya njia hizo haiishii kwenye bei. Inahusu pia nani atakayewajibika mambo yakiharibika.

Kwa upande wa fedha, Google na Apple hukata tozo katika mauzo. Kwa miaka mingi tozo ya kawaida ilikuwa asilimia 30, hadi mwaka 2021 zilipoishusha kuwa asilimia 15 kwa watengenezaji wenye mapato yasiyozidi dola milioni 1 kwa mwaka. Kwa viwango hivyo, katika ada ya shilingi 20,000 mtengenezaji hukatwa kati ya shilingi 3,000 na 6,000. Akilipwa moja kwa moja, sehemu hiyo hubaki nchini, na mteja humpata mtaalamu anayeweza kufika dukani kwake.

Hata hivyo, tozo hiyo hugharamia ulinzi. Duka huchunguza programu, husambaza maboresho na huweka utaratibu wa kuomba kurejeshewa fedha. Anayepokea faili kwa WhatsApp hana kinga hiyo.

Pamoja na hayo, programu kupatikana mtandaoni si uthibitisho wa uhalali wake. Novemba 2024, Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza programu 69 za mikopo zilizokuwa zikitoa huduma bila leseni.

Anayenunua moja kwa moja, basi, hana budi kujiwekea kinga mwenyewe. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inatambua mikataba ya kielektroniki, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inambana anayekusanya taarifa za watu. Mnunuzi ahakiki usajili wa biashara hiyo BRELA, adai risiti halali na mkataba wa maandishi. Zaidi ya yote, mkataba ueleze namna atakavyopata kumbukumbu zake endapo mtengenezaji atafunga kazi, kwa kuwa daftari la madeni likipotea, mtaji nao hupotea.