Kocha Apishe Uchunguzi: Risala ya Wazazi wa Afrika Mashariki kwa Bodi za Vyuo Vikuu vya Marekani

Waheshimiwa Wenyeviti na Wajumbe wa Bodi za Wadhamini,

Sisi ni wazazi, walezi na ndugu wa vijana wa Afrika Mashariki wanaosoma kwenu kwa ufadhili wa michezo. Njia hii ni ya siku nyingi. Henry Rono wa Kenya aliipita akiwa Washington State, na Suleiman Nyambui wa Tanzania akiwa Chuo Kikuu cha Texas mjini El Paso. Tunamsindikiza kijana uwanja wa ndege tukijua kwamba huko aendako mtu mmoja atakuwa na kauli juu ya mazoezi yake, nafasi yake kwenye timu na, kwa kiasi kikubwa, ufadhili wake. Ufadhili ukikatika masomo yanayumba, na masomo yakikatika viza nayo imekwenda. Mtu huyo ni kocha.

Kwa sababu hiyo tunaleta kwenu jambo moja. Kashfa ya unyanyasaji inapoibuka ndani ya timu, kocha aendelee na kazi au asiendelee? Msimamo wetu ni kwamba apishe uchunguzi, na apishe tangu siku taarifa inapopokelewa. Hatuji na methali ya lisemwalo lipo. Tunajua mtu anaweza kusingiziwa. Tunachokataa ni mtuhumiwa, au mkubwa aliyepewa taarifa, kubaki na mamlaka juu ya watu watakaoitwa kutoa ushahidi.

MALALAMIKO YETU

Kwanza, vyuo huchukua hatua kashfa inapofika kwenye televisheni, si taarifa inapofika ofisini. Mwishoni mwa mwaka 2012, mkurugenzi wa michezo wa Chuo Kikuu cha Rutgers alionyeshwa video ya kocha wa mpira wa kikapu, Mike Rice, akiwasukuma wachezaji, akiwarushia mipira na kuwatukana. Adhabu ikawa kukosa mechi tatu na faini ya dola 50,000, kisha kocha akarudi kwa vijana wale wale. Aprili 2013 ESPN ikaionyesha video hiyo, na kesho yake akafukuzwa. Kosa halikuongezeka hata chembe kati ya Desemba na Aprili. Walioongezeka ni watazamaji.

Pili, taarifa hupanda ngazi na kufia juu. Mwaka 2001, katika Chuo Kikuu cha Penn State, Mike McQueary, wakati huo kijana msaidizi kwenye benchi la ufundi la timu ya futiboli ya Kimarekani, alimkuta Jerry Sandusky bafuni na mtoto wa kiume. Sandusky alikuwa kocha msaidizi aliyestaafu mwaka 1999, lakini milango ya majengo ya timu ilikuwa bado wazi kwake. McQueary alimweleza kocha mkuu, Joe Paterno. Paterno akamweleza mkurugenzi wa michezo, na habari ikafika kwa makamu wa rais na rais wa chuo. Polisi hawakuambiwa. Sandusky alikamatwa Novemba 2011, na mwaka 2012 akatiwa hatiani kwa makosa 45 ya unyanyasaji wa kingono dhidi ya wavulana kumi. Wengine kati yao waliumizwa baada ya siku ile ya bafuni.

Tatu, hata anayesimamishwa hurudishwa kabla uchunguzi haujaisha. Mwaka 2014 mwanamke mmoja alimlalamikia daktari wa michezo wa Michigan State, Larry Nassar, kwa unyanyasaji wa kingono. Daktari akawekwa kando. Uchunguzi wa ndani wa chuo ukamsafisha, akaruhusiwa kuona wagonjwa wakati jalada la polisi lingali wazi. Aliondolewa kazini mwaka 2016, baada ya gazeti kuandika. Mwaka 2018 chuo kilikubali kulipa dola milioni 500 kwa wahanga.

Nne, mzigo humwangukia mdogo. Ni kweli kwamba McQueary naye hakwenda polisi, na waliomlaumu kwa hilo wana hoja. Lakini ndiye aliyesema alichokiona, na ndiye aliyetishiwa maisha hadi chuo kikasema hatakuwepo uwanjani. Aliwekwa likizo na mkataba wake haukuendelezwa. Mwaka 2016 baraza la wazee wa mahakama lilimpa fidia ya zaidi ya dola milioni 7. Mchezaji anayeyaona hayo yakimpata mtu mzima mwenye ajira, atapata wapi ujasiri wa kusema?

MAJIBU TUNAYOYATARAJIA

Mtatuambia kwamba mtu hana hatia mpaka mahakama iseme. Tunakubali. Kanuni hiyo inamkinga asifungwe bila hukumu, lakini haimpi haki ya kuendelea kuwasimamia mashahidi. Karani wa fedha akituhumiwa upotevu, hakabidhiwi funguo za kasha azishike hadi wakaguzi wamalize kazi, na hakuna anayesema kaonewa.

Mtatuambia pia kwamba msimu uko katikati. Paterno aliondolewa usiku wa Novemba 9, 2011. Siku tatu baadaye timu ilicheza na Nebraska chini ya kocha wa muda, Tom Bradley, ikafungwa 17 kwa 14, na msimu ukaendelea.

Mtatuambia, zaidi ya yote, kwamba kocha huyo ndiye aliyekijenga chuo. Hapa tunaomba mtusikilize vizuri. Paterno aliifundisha Penn State misimu 46. Hakushtakiwa kwa kosa lolote, na mwenyewe alisema kwamba anatamani angefanya zaidi. Januari 2011 alikwishaitwa mbele ya baraza la uchunguzi la mahakama. Machi gazeti la mkoa likaandika kwamba Sandusky anachunguzwa. Mei bodi ilipewa taarifa. Kocha akaendelea kufundisha hadi Novemba, kisha akafukuzwa usiku, kwa simu, na wanafunzi wenye hasira wakapindua gari la televisheni barabarani. Alifariki Januari 2012. Kama bodi ingemweka kando mapema, kwa mshahara wake na kwa maneno ya staha, isingehitaji simu ile. Kumwomba kocha apishe mapema ni heshima kwa mlalamikaji na kwa kocha pia. Kungoja hadi kelele zifike mlangoni huwadhulumu wote wawili.

MADAI YETU

1. Kocha anayetuhumiwa kunyanyasa awekwe kando kwa mshahara siku taarifa inapopokelewa, na asiwasiliane na wachezaji wala familia zao.

2. Kocha mkuu anayedaiwa kujua akanyamaza, au kuishia kumwambia mkubwa wake, naye apishe, maana mashahidi wako chini yake. Sheria hiyo imhusu mwenye mataji kama asiye nayo.

3. Taarifa ya unyanyasaji wa mtoto au wa kingono iende polisi moja kwa moja. Kumwambia mkurugenzi wa michezo kusihesabiwe kuwa wajibu umetimizwa.

4. Uchunguzi ufanywe na watu wasiolipwa na idara ya michezo. Aliyewekwa kando asirudi kwa sababu ofisi moja imemsafisha ilhali nyingine bado inafanya kazi.

5. Mchezaji au mfanyakazi aliyetoa taarifa alindwe. Ufadhili wake, nafasi yake na nyaraka zake za viza visiguswe kwa muda wote wa shauri, na mwanafunzi wa kigeni apewe mwanasheria asiye wa chuo.

6. Matokeo yatangazwe. Kocha akionekana hana kosa, arudishwe hadharani, kwa barua ya bodi na si kwa minong'ono. Akiwa na kosa, asiachwe ajiuzulu kimya kimya akaajiriwe chuo cha jirani.

7. Kanuni hizi zitafsiriwe katika lugha za wazazi na zitumwe pamoja na barua ya ufadhili, kabla hatujatia saini.

Waheshimiwa, hatuna kura katika bodi zenu wala hatununui tiketi za viwanja vyenu. Tunachowapa ni watoto, na makocha wenu huja kuwatafuta huku kwetu kwa juhudi kubwa. Chuo kitakachojibu madai haya kwa maandishi tutakipeleka kwa majirani zetu kwa moyo mweupe. Kisichojibu, tutawashauri vijana wetu wakikimbie, hata kama kabati lake limejaa makombe.

Tunaomba kuwasilisha.