Udhaifu wa miguu si uzee daima

Mamangu mzazi alipoanza kushindwa kuinuka kitini, sote nyumbani tulitamka neno moja: uzee. Hakuna aliyeuliza habari za kidonge cha presha alichokuwa akimeza kila asubuhi kwa miaka kadhaa, wala zahanati alikokichukua haikuwahi kumpima damu. Alipopimwa kwingineko, iligunduliwa kuwa madini ya potasiamu yalikuwa yamempungukia mno.

Kidonge hicho ni cha jamii ya dawa za kuongeza mkojo. Hufanya figo zitoe chumvi na maji kwa wingi, na hivyo shinikizo la damu likashuka. Lakini potasiamu nayo hutoka pamoja na mkojo huo. Ikipungua sana, misuli haifanyi kazi ipasavyo. Miguu hulegea au hukazana, na hata moyo, ambao nao ni msuli, huweza kupoteza mpigo wake wa kawaida.

Nisieleweke vibaya. Dawa hizi zimetumika tangu miaka ya 1950, bei yake ni nafuu, na zimewaepusha wengi na kiharusi. Utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa mwaka wa 2022 ulihusisha askari wa zamani 13,523 wenye umri wa miaka 65 na zaidi, ukalinganisha dawa mbili za jamii hii. Zote zilikinga moyo kwa kiwang'o sawa. Hata hivyo, upungufu wa potasiamu ulionekana kwa asilimia 6 ya waliopewa klothalidoni, na asilimia 4.4 ya waliotumia haidroklorothiazidi.

Hao walikuwa wakitibiwa mahali ambapo damu hupimwa. Je, mzee wa kijijini anayepewa vidonge vya mwezi mzima bila kuulizwa lolote?

Ninawasihi wahudumu wa afya wampime mgonjwa potasiamu anapoanza dawa hizi, wiki chache baadaye, na mara kwa mara kisha. Serikali za kaunti nazo zihakikishe kipimo hicho kinapatikana karibu na wananchi.

Nawe msomaji, usiitupe dawa yako kwa hofu. Kiharusi hakibishi hodi. Wala usijinunulie vidonge vya potasiamu, kwani ikizidi nayo huweza kuusimamisha moyo. Mweleze daktari udhaifu unaouhisi na uombe kupimwa. Usipoziba ufa utajenga ukuta.