Mtaalamu si yule mwenye kitambulisho shingoni

Vijana wenzetu, leo tunaanza na kosa letu wenyewe. Tusipolisema sisi, mama za pale bombani watalisema, na wao hawasemagi kwa sauti ndogo.

Mvua zilipoanza, maji ya bomba hapa Nakivale yalinuka dawa sana. Watu wakaanza kuongea. Eti dawa hiyo inafunga uzazi, eti wanatupunguza pole pole. Tukasema sawa, tutafute mtaalamu, tuandike ukweli. Tulimtafuta wapi? Barabarani. Tuliona baba mmoja amevaa kizibao cha shirika, kitambulisho kinaning'inia shingoni, Kiingereza kinatiririka. Tukamuuliza: "Dawa ikizidi ni mbaya kwa mama mwenye mimba, si ndiyo?" Akajibu ndiyo, ikizidi ni mbaya. Tukaandika "mtaalamu wa maji amesema", tukasambaza usiku ule ule. Baadaye ndo tukajua kazi yake ni kutunza stoo. Hakutudanganya. Hatukumuuliza anafanya kazi gani.

Mtaani kwetu mama kadhaa wakarudi kuchota ziwani. Nyumba moja watoto wawili waliharisha siku tatu. Hatuwezi kuapa kwamba ni sababu ya makala yetu, lakini mama yao alitufungulia simu yake, na maneno yaliyokuwa mule yalikuwa yetu.

Tangu siku hiyo tuna msimamo, na baadhi ya wenzetu hawaupendi: anayejua kitu ni yule anayekigusa kila siku, na anayeweza kukueleza amekijuaje. Wakati sisi tunahangaika barabarani, mama anayesimamia bomba letu alikuwa na kiboksi chenye vidonge. Anaweka maji kidogo, anatia kidonge, yanageuka rangi ya waridi, analinganisha rangi na alama za pembeni. Alituambia kwa bombani wanatafuta miligramu 0.2 hadi 0.5 za klorini kwa lita. Mvua ikinyesha maji ya ziwa yanachafuka, uchafu unaila dawa, kwa hiyo kule kwenye mtambo wanaongeza. Harufu inakusumbua? Acha maji wazi kwenye chombo kisafi kwa muda, itapungua. Kila asubuhi tulikuwa tunampita, tunamsalimia, tunaweka bidoni kwenye foleni.

Halafu kuna papa mmoja anauza chapati karibu na soko. Jina hatuandiki, yeye mwenyewe ameomba. Julai 1994 alikuwa muuguzi kijana Goma, wakati wakimbizi wa Rwanda walipovuka kwa maelfu na maelfu, na kipindupindu na kuhara damu vikaingia. Karibu watu 50,000 walikufa katika mwezi wa kwanza. Diploma yake hapa haijatambuliwa, ndiyo maana anakanda unga. Tulienda kwake mchana, wateja wamejaa, akajibu neno moja moja. Tukarudi jioni, tukamsaidia kubeba jiko mpaka nyumbani, hapo ndipo aliongea saa mbili. Alituuliza swali moja tu: "Mmewahi kuona mtu anakufa kwa maji ya kunywa?" Tukanyamaza. Akaanza kueleza.

Kuna mwenzetu anasema: wafadhili wanamwamini mtu wa ofisi, muuza chapati hawamwamini. Inawezekana. Lakini wanaotusoma ni wale wanaokunywa maji haya. Na ofisini tulienda pia, hatukatai ofisi. Tulienda tukiwa tayari tunajua cha kuuliza, na mhandisi alipoona tunajua mambo ya vidonge, alituchukulia kama watu wazima.

Pia msitusikie vibaya: si kila mzee ni mtaalamu. Jirani yetu mmoja, mzee tunayemheshimu sana, anasema kipindupindu kinaletwa na upepo wa usiku. Tulimsikiliza mpaka mwisho, tukamshukuru, hatukuyaandika. Kuhusu namna watu walivyovuka mpaka kwa miguu miaka ya nyuma, hakuna wa kumshinda, na hayo tutamwendea.

Siku hizi swali letu la kwanza ni: "Wewe umejuaje hili, umeliona au umelisikia?" Ile "si ndiyo?" tumeitupa kabisa, maana mtu mwenye adabu atakujibu ndiyo hata kwa uongo. Tunauliza kwa lugha yake, Kiswahili, Kinyarwanda, Kirundi, na kama ni Msomali tunaenda na rafiki wa kutafsiri. Kabla ya kusambaza tunarudi kumsomea tulichoandika. Yule mama wa bomba alitukatiza mara mbili. Tulikuwa tumeandika gramu badala ya miligramu. Gramu! Tungewaambia watu wanywe sumu. Na tunamuuliza kama jina lake litokee. Hapa kambini jina likitokea vibaya, mtu anaweza kukosa kakibarua kake.

Makala ya kusahihisha tumeshaisambaza, na yule mama wa watoto wawili tulienda kumsomea nyumbani. Alisikiliza, akasema tungemfuata kabla.

Sasa tunaandaa ya mihogo. Majani yanaonekana mazima, unachimba, ndani mzizi umeoza wenye madoa ya kahawia. Kama nyumbani kwenu kuna bibi au shangazi aliyelima mihogo miaka mingi na ameona jambo hili kwa macho yake, tuandikieni. Saa atakayokuwa na nafasi tutakuja, hata kama ni shambani na jembe.