Mti Wenye Jina Hauna Budi Kuwa na Mwenyewe



Katika milima ya Usambara Mashariki, wilayani Muheza, iko bustani ya miti ya Amani. Ilianzishwa na Wajerumani mwaka 1902, wakakusanya humo mimea ya mabara mengi ili waone ipi itawaletea faida. Wageni wengi huistaajabia miti iliyotoka ng'ambo. Leo napenda tuutazame mti ambao haukuletwa na mtu.

Wasambaa huuita msambu. Wataalamu huuita Allanblackia stuhlmannii, kwa heshima ya Franz Stuhlmann, Mjerumani aliyekuwa mkuu wa kituo hicho cha Amani. Yeye amekumbukwa. Lakini si yeye aliyewafundisha akina mama wa milimani kuokota matunda yale makubwa yaangukapo, kuzitwanga mbegu na kuzichemsha hadi wapate mafuta ya kupikia. Elimu hiyo mama alimrithisha binti yake, bila kitabu wala kibao.

Sasa utazame msizi. Huu ni mti wa pande za Ziwa Victoria na nchi za magharibi yake, nao ulipandwa Usambara mwanzoni mwa karne iliyopita. Misitu ilipokatwa mbao kwa wingi, hasa miaka ya 1970, jua liliingia mahali palipokuwa na kivuli. Hondohondo wakala matunda ya msizi, wakazitawanya mbegu, nao ukaota kila penye pengo na kutwaa nafasi ya miti ya asili. Mti hauna kosa. Waliofungua mlango ni wanadamu.

Mwaka 1997 Serikali iliiunganisha bustani na misitu jirani kuwa hifadhi ya mazingira asilia, yenye hekta zipatazo 8,380. Vijiji vya kandokando vilishirikishwa katika ulinzi wake, na ukawekwa utaratibu wa kuvigawia sehemu ya mapato yatokanayo na wageni. Hilo ni jambo jema. Hata hivyo askari wa msitu ni wachache na mlima ni mpana. Aliye karibu zaidi na mti ni mtoto apitaye chini yake aendapo shule.

Je, mtoto huyo anaujua? Ikiwa kwake msambu, mkulo na msizi yote ni "miti" tu, hataona upi umetoweka na upi umevamia. Bali akijua kwamba huu ndio uliompa bibi yake mafuta, atauliza pindi atakaposikia shoka. Mtu hulinda akijuacho, na kukijua huanza kwa kukiita jina.

Kwa hiyo, wazazi wenzangu, kazi hii tusiwaachie mabwana misitu peke yao. Siku ya mapumziko mchukue mwanao pamoja na babu au bibi yake, mtembee msituni au hata kando ya shamba. Mzee aitaje miti kwa lugha ya nyumbani na kueleza matumizi yake. Mtoto aandike katika daftari. Na penye kibao cha Kilatini, tuombe jina la wenyeji liandikwe pia, tena kwa herufi zisizo ndogo kuliko zile nyingine.

Wahenga walinena kwamba mwacha asili ni mtumwa. Wazee wetu bado wapo, na majina wanayo. Tuwaulize leo.