JE, YAFAA KUKUSANYA SAHIHI ZA KESI KWA UJIRA MDOGO?



Habari hii twaiandika kwa sababu imeulizwa mara nyingi katika mikutano yetu, na tena imeulizwa nyumbani. Katika mitaa yetu ya Eastlands, tangu Kaloleni na Mbotela hata Umoja na Kayole, wanapita watu wenye mafaili kwapani. Wanatafuta watu wa kutia sahihi karatasi za kesi: kesi ya malimbikizo ya mshahara, kesi ya pensheni, kesi ya nyumba. Baadhi ya hao wapitao ni wenzetu, waliopunguzwa kazini au waliostaafu. Hulipwa fedha kidogo kwa kila sahihi. Wanatuuliza: kazi hii tuikubali au tuikatae?

Kwanza twasema wazi kwamba hatuwalaumu. Mtu aliyefukuzwa na mwenye nyumba, ambaye watoto wake wamerudishwa kutoka shule kwa ajili ya karo, hawezi kuambiwa achague kazi kama mtu achaguavyo kitambaa dukani. Lakini njaa ya mmoja isiwe sababu ya kumwumiza mwingine, naye ni maskini kama yeye.

Sikilizeni hesabu aliyotupa mwenzetu mmoja, zamani fundi wa karakana. Aliahidiwa shilingi 30 kwa kila sahihi. Alisema, kama akiketi na mtu, akamsomea karatasi yote, akamweleza nani anashtakiwa na kwa jambo gani, akajibu maswali yake, kisha akatembea mpaka mlango wa pili, basi kwa siku nzima atapata watu 15. Hizo ni shilingi 450. Lakini kama hasomi neno, anasema tu, "Mzee, tia sahihi hapa, kuna fedha zinakuja," basi atapata watu 60, na jioni ana shilingi 1,800. Ndugu, tazameni jambo hili vizuri. Mtu mkweli amelipwa 450 na mtu wa haraka amelipwa 1,800. Hapana haja ya kumwambia mtu adanganye. Ujira wenyewe umekwisha kumwambia.

Sasa tutazame upande wa yule aliyetia sahihi. Jirani yetu mmoja, mzee aliyefanya kazi miaka 22, alikuwa na madai ya kweli kabisa juu ya mshahara wake. Alitia sahihi akidhani anaandikisha jina tu. Karatasi ile ilikuwa hati ya kiapo. Ilichukuliwa pamoja na nyingine nyingi, ikapelekwa mjini, ikapigwa muhuri wa kamishna wa viapo ambaye hakumwona mzee huyu hata siku moja. Baadaye wakili wa upande wa pili akaomba mzee aitwe kuulizwa maswali. Akaulizwa, "Ulisoma karatasi hii?" Akajibu, "Hapana." Akaulizwa, "Uliapa mbele ya nani?" Akajibu kwa ukweli wake wote, "Sikuapa mbele ya mtu." Kiapo kikatupwa, na madai yake yakaanguka pamoja nacho. Alipotaka kuanza upya aliambiwa kwamba wakati umepita, kwa maana Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yampa mfanya kazi miaka 3 tu kuleta madai ya namna hii. Yule aliyekusanya sahihi alipata shilingi 30. Mzee alipoteza jasho la miaka 22.

Haifai kusema kwamba sheria haikuona hatari hii. Sheria ya Viapo ya Kenya, ambayo ni Sura ya 15, yamtaka kamishna aandike kwa kweli mahali kiapo kilipofanywa na tarehe yake. Tena yamkataza kuapisha watu katika kesi ambayo yeye mwenyewe ni wakili wa upande wowote, au ana faida ndani yake. Na kanuni za mahakama zasema kwamba mtu mmoja akisimama kwa ajili ya wenzake, ruhusa yao iwe ya maandishi, wametia sahihi, ikapelekwa mahakamani. Maana ya yote haya ni moja: mwenye jina awe amejua, na mwenye muhuri awe ameona.

Sisi watu wa reli twalijua jambo hili. Stesheni masta hatii sahihi kibali cha treni kuingia njia asiyoijua kama iko wazi. Akitia kwa sababu ameombwa, au kwa sababu saa zimekwenda, watu watakufa. Sahihi yake ni neno lake kwamba ametazama. Muhuri wa kamishna ni vile vile.

Wako wenzetu wanaosema, basi kazi hii ikatazwe kabisa. Hatukubaliani nao. Kesi ya mtu maskini haiendi mahakamani ila karatasi zimepelekwa kwake, maana yeye hana nauli ya kwenda mjini kila siku wala hawezi kupoteza kibarua. Kumbukeni Muthurwa. Mwaka 2010 wapangaji 12 walikwenda Mahakama Kuu kwa ajili yao wenyewe na ya wenzao wa mtaa ule, kupinga kuhamishwa katika nyumba zilizokuwa mali ya mfuko wa pensheni wa wafanya kazi wa reli. Tarehe 30 Agosti 2013 Jaji Isaac Lenaola alitoa hukumu kwamba haki yao ya makazi ilikuwa imevunjwa. Hakusema wakae milele, lakini aliagiza pande mbili zikutane na kupanga jinsi ya kuhama kwa utaratibu. Kama pasingalikuwa na watu wa kusimama na wenzao, hukumu hii isingalipatikana.

Tena kumbukeni wazee wetu wa Mau Mau. Watano walianza kesi London mwaka 2009, wakasimulia mateso yao wenyewe. Mwaka 2013 Serikali ya Uingereza ikakubali kulipa pauni milioni 19.9, gharama za kesi zikiwamo, kwa ajili ya wazee 5,228. Kisha ikafuata kesi nyingine yenye watu zaidi ya 40,000, nayo ikashindwa mwaka 2018, kwa sababu miaka ilikuwa imepita mno na ushahidi haukuweza kupimwa kwa haki. Basi wingi wa majina peke yake haushindi kesi. Hata katika siasa tuliona mwaka 2016: wenye Okoa Kenya walipeleka sahihi zaidi ya milioni moja na nusu, lakini tume ya uchaguzi ilikubali 891,598 tu, na Katiba yataka milioni 1.

Kwa hiyo shauri letu kwa wanachama ni hili:

1. Mtu asikubali kulipwa kwa hesabu ya vichwa. Adai ujira wa siku, ili asipate hasara kwa kusoma na kueleza.

2. Kila karatasi isomwe kwa sauti, kwa lugha ambayo mwenye kutia sahihi anaifahamu. Asiyetaka aachwe, wala asibembelezwe.

3. Kila aliyetia sahihi abaki na nakala, yenye jina la wakili na mahali ofisi yake ilipo.

4. Hati ya kiapo isitiwe sahihi mlangoni. Kamishna aje mtaani siku moja, akae katika ukumbi au kanisani, watu waje wenyewe na vitambulisho vyao. Na huyo kamishna alipwe vizuri, maana akilipwa kwa senti atapiga muhuri kwa senti.

5. Ukiambiwa ujaze jina la mtu asiyekuwapo, rudisha faili siku hiyo hiyo. Kughushi sahihi ni kosa la jela, na wewe uliyeshika kalamu waweza kufungwa, hata kama ulitumwa na mwingine.

Neno la mwisho latuhusu sisi chama. Tunapoandikisha wanachama kwa Fomu S, wajumbe wetu huketi na mfanya kazi wakati wa chakula, wakamweleza ni fedha gani itakatwa na kwa kazi gani. Hawalipwi kwa kila jina. Mbona tusifanye hivyo kwa kesi za malimbikizo? Twaomba kila tawi lichague wajumbe wawili, walipwe nauli na posho ya siku kutoka mfuko wa tawi, wawe ndio wapelekao karatasi hizi kwa wenzetu. Tukiliacha jambo hili mikononi mwa wapita njia, tusije tukalia mahakamani.

Lizungumzeni katika mikutano ya matawi, na mtuletee maoni yenu.

Umoja ni nguvu.