Lahaja za Japani na Kibao cha Shingoni

Mtu wa Osaka akihamia Tokyo, kwa kawaida huhama na lahaja yake. Ataagiza chakula kwayo na kutania kwayo, na wenyeji watacheka pamoja naye. Mtu wa Aomori, kaskazini kabisa mwa kisiwa cha Honshu, mara nyingi huiacha yake nyumbani. Wote wawili husema Kijapani, na hakuna kanuni ya sarufi inayompa mmoja ujasiri na kumnyima mwenzake.

Osaka ulikuwa mji wa wafanyabiashara, wenye fedha zake na jukwaa lake. Wachekeshaji wake wawili wawili wa manzai waliingia redioni, kisha kwenye televisheni, na taifa zima likazoea kuwasikiliza. Kaskazini-mashariki, eneo la Tohoku, lilipeleka Tokyo vibarua. Miaka ya 1950 na 1960 vijana waliomaliza shule wakiwa na umri wa miaka 15 hivi walisafirishwa kwa treni hadi stesheni ya Ueno, wakagawiwa viwanda na maduka. Matamshi yao yalichekwa. Wengi walijifunza kunyamaza kwanza, kusema baadaye.

Wanaotetea lugha sanifu wana hoja nzito, nami siipingi. Japani ya mwaka 1868 ilikuwa nchi ambayo mtu wa Satsuma, kusini, na mtu wa Tsugaru, kaskazini, waliweza kuongea bila kuelewana. Jeshi, reli na mahakama vilihitaji lugha moja. Mwaka 1895 mwanaisimu Ueda Kazutoshi alipendekeza msingi wake uwe usemi wa watu waliosoma wa Tokyo, na kuanzia 1904 vitabu vya kiada vya serikali vikaupeleka kila kijiji. Sisi wenyewe tulipita njia hiyo: mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na Kimvita, lahaja ya Mombasa yenyewe, pamoja na hazina yake ya tenzi, kikakaa pembeni.

Kuchagua ni jambo moja, kuadhibu ni jingine. Katika shule za Okinawa, mkoa wa visiwa kusini kabisa mwa Japani, mtoto aliyeteleza akasema lugha ya nyumbani alivishwa kibao cha mbao shingoni, akakaa nacho mpaka amnase mwenzake kwa kosa lilelile. Mkenya aliyesoma zamani hahitaji kuelezwa zaidi: kibao cha namna hiyo kilikuwapo hata katika shule za kwao. Mwaka 1940 Yanagi Soetsu, mtetezi mashuhuri wa sanaa za jadi, alipoilaumu kampeni ya kulazimisha lugha sanifu mkoani humo, maafisa wa mkoa walimjibu kwa hasira kwamba maendeleo ya Okinawa yalitegemea lugha sanifu. Miaka mitano baadaye, katika vita vya Okinawa, jeshi la Japani liliamuru anayesema Kiokinawa achukuliwe kuwa jasusi. Na hiyo hata si lahaja tu: wanaisimu wengi wanazihesabu lugha za visiwa hivyo kuwa lugha kamili, na mwaka 2009 UNESCO iliziweka kwenye orodha ya lugha zilizo hatarini.

Siku hizi wengine husema ugomvi umekwisha. Lahaja zimo kwenye matangazo ya biashara, na tamthilia ya mwaka 2013 ya NHK, shirika la utangazaji la umma, iitwayo Amachan, ilifanya usemi wa pwani ya Iwate upendwe nchi nzima. Mimi naona hilo ni pambo. Kijana wa Tokyo anayenyunyiza maneno mawili ya Osaka kwenye ujumbe wa simu haiokoi lahaja yoyote.

Kazi halisi ya lahaja ilionekana baada ya tetemeko na tsunami ya Machi 2011 huko Tohoku. Wauguzi na wasaidizi kutoka mikoa mingine walikutana na wazee walioeleza maumivu yao kwa usemi wa kwao, wasiwaelewe vizuri. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Tohoku walilazimika kuwaandalia kijitabu cha lahaja ya Kesennuma, mji wa pwani ya eneo hilo. Mzee mwenye maumivu hatafuti maneno ya kitabu cha kiada. Ni daktari anayepaswa kujifunza, na mafunzo hayo yatolewe kabla ya janga.

Tangu mwaka 2006 Okinawa ina sheria ya mkoa inayoitenga tarehe 18 Septemba kuwa siku ya lugha za visiwani. Ni hatua njema, ila kibao kilivaliwa mwaka mzima wa masomo. Lugha hizo, na lahaja za Tohoku pia, zipewe vipindi kwenye ratiba ya shule na vyuo vya uuguzi wakati wazee wa kuzifundisha bado wapo.